Mguu wa Mama na Mji wa Sponji

Jumatatu, Machi 3

Mvua imeanza. Binti wa mazoezi ya viungo amekuja, akaukunja mguu wa mama, akaunyoosha, kisha akanivuta jikoni.

“Dada, nisikufiche. Kiharusi kimemwachia mlango wazi, lakini mlango wenyewe haukai wazi milele. Asipotembea kila siku masika haya, huu mguu utakaza. Ukishakaza, ndiyo basi tena.”

Akaniambia niwe naandika kila siku mama katembea mpaka wapi. Nimenunua daftari. Leo: kitandani mpaka chooni, akinitukana njia nzima.

Mama yangu alikuwa msoma mita wa idara ya maji. Alikula mshahara wake kwa miguu, nyumba hadi nyumba, mbwa wote wa mji wakimjua. Watu walimwita Mama Mita. Mtu kama huyo kumwambia “jitahidi ufike chooni” ni tusi, naelewa. Lakini nifanyeje?

Jumatano, Machi 5

Mvua. Amekataa kuinuka. Anauliza atembee kwenda wapi, kwani chooni kuna mgeni?

Jumamosi, Machi 8

Leo niliamua liwalo na liwe, mama atoke nje. Fundi cherehani wa ghorofa ya pili alinisaidia kumshusha. Kutoka ghorofa yetu ya tatu hadi chini, ngazi zilitumaliza sote.

Tatizo likawa nje. Barabara yetu ilipopanuliwa, walichukua njia ya pembeni pamoja na miti yote, wakaacha mtaro usio na mfuniko. Ukitoka getini unachagua: mtaroni au kwenye magari. Nilimshika mama kiunoni, tukawa tunaambaa na ukuta. Kila mtu mwenye gari ameegesha palepale ambapo sisi tungekanyaga. Tukalazimika kuzunguka gari moja jeupe, na tulipolizunguka tu likapita basi, likakanyaga dimbwi. Maji yale yalimpata mama usoni, mdomoni, kila mahali.

Hakutukana. Ndicho kilichonitisha. Alisimama akitiririka matope, mkono wake mbovu ukining’inia, akasema, “Nirudishe juu. Huu mji umeshanifukuza kazi, ni mimi tu sikuelewa.”

Nilimkausha, nikambadilisha nguo, nikaenda kulia bafuni huku bomba nimelifungulia.

Jumanne, Machi 11

Hakuinuka.

Jumatano, Machi 12

Ofisini tumeanza modeli ya mji mpya. Kazi yangu ndiyo hiyo. Wasanifu majengo wanachora, mimi nakata kadibodi na kubandika mpaka mchoro uwe kitu cha kuonekana. Bosi wetu, ambaye sisi wa chumba cha modeli tunamwita Bwana Mstari kwa sababu hajawahi kuchora kitu kilichopinda, anasema safari hii amechora mji wa watu wanaotembea. Magari yanaachwa nje. Kila nyumba ina njia yenye kivuli kwenda sokoni, shuleni na zahanati. Mto unapita katikati na umeachiwa nafasi yake. Utajengwa kwenye shamba la zamani nyuma ya vilima, mwenye mradi akiridhika.

Siku nzima nimechovya sponji kwenye rangi ya kijani na kuinyofoa vipande kuwa miti, huku namsonya kimoyomoyo. Mtu anayeletwa kazini na dereva, amejulia wapi kutembea?

Alhamisi, Machi 13

Hii niiandike vizuri.

Nilirudi na vidole vya kijani. Mama akaniangalia. “Umekula majani?”

Nikamweleza habari za ule mji, ili tu nyumba isiwe kimya. Akasikiliza akiwa amefumba macho, nikadhani amelala.

“Maji ya mvua yanapita wapi?”

“Kuna mifereji yenye nyasi kando ya njia. Yanaingia mtoni.”

“Na mita za maji?”

“Mama, mita za nini? Ni kadibodi.”

“Mji usio na mita si mji, hiyo kambi.” Akacheka. Tangu augue sikuwa nimeusikia mcheko wake. Umepinda kidogo upande mmoja, lakini ni wenyewe.

Nikaona hapohapo. “Basi inuka ukazifunge mwenyewe.”

Akainuka! Kitanda tukakifanya nyumba yetu, kabati likawa soko, jokofu likawa zahanati. Njiani nikawa namwambia, hapa kuna mti, inamisha kichwa, hapa kuna daraja dogo, shika chuma. Na kweli akainamisha kichwa. Alifika jokofuni akijikaza kisabuni, jasho likimtoka, akaligonga mlango kwa fimbo. “Daktari yupo?”

Nilijibu yupo. Nilimkumbatia mpaka akasema namvunja mbavu.

Jumatatu, Machi 17

Zahanati mara mbili. Mvua kubwa, umeme hakuna.

Ijumaa, Machi 21

Tumefika mtoni, yaani mlango wa mbele. Mama anataka kujua kama wavuvi wanaruhusiwa. Nilimuuliza Bwana Mstari ofisini, kimasihara. Aliacha kalamu, akasema, “Waruhusiwe. Mto usio na mtu ni bomba tu.” Sikutegemea jibu hilo kutoka kwake.

Jumapili, Machi 23

Leo tumevuka mlango, tumesimama kwenye korido, mkono wake kwenye reli ya ngazi. Alikuwa anahema. Akauliza bila kunitazama:

“Tunahamia lini?”

Nilitakiwa kusema, mama, ni modeli. Neno fupi tu. Lakini alikuwa amesimama kwa miguu yote miwili, na mguu wa kulia ulikuwa umebeba uzito, nauona. Nikasema, “Masika yakiisha.”

“Basi nijiandae,” akasema, akashuka ngazi mbili peke yake.

Binti wa mazoezi aliniambia mlango uko wazi. Mimi nimeuwekea kigingi cha uongo usijifunge. Njia ya mwongo ni fupi, najua, nilifundishwa na huyuhuyu mama.

Jumatano, Machi 26

Kaka amepiga simu kutoka huko aliko. Mama kamweleza mambo ya kuhama. Kaka akanigeukia: “Unamjaza nini kichwani?” Nikamwambia kama yeye ana cha kuujaza huo mguu, aje aujaze. Tumekata simu kwa hasira. Yeye siku zote ni wa kutoa ushauri kwa mbali.

Jumapili, Machi 30

Ngazi hadi ghorofa ya pili na kurudi! Fundi cherehani alitoka mlangoni na sindano mdomoni, akapiga makofi.

Jumatano, Aprili 2

Mwenye mradi alikuja na wasaidizi wake. Akazunguka meza mikono nyuma. “Pazuri. Lakini mtu mwenye pesa zake ataweka wapi gari?”

Bwana Mstari akaeleza. Akaeleza tena. Yule akatabasamu. Jioni nikaambiwa ning’oe miti ya njia kuu yote, pawe maegesho. Niling’oa kwa kibanio, mti mmoja mmoja, na kila mmoja uliacha doa la gundi. Bwana Mstari alisimama nyuma yangu. Nilipogeuka, nilimwona amekunja uso mithili ya mtoto aliyenyang’anywa kitu. Nimekuwa nikimcheka mtu huyu miaka yote hii. Nimekoma.

Mama aliuliza habari za mji. Nikasema miti inakua vizuri.

Jumatatu, Aprili 7

Sijui nianzie wapi.

Nilirudi nikamkuta mama ameketi mezani, amevaa gauni lake la kazi la zamani na viatu. Uso unang’aa. Nikajua kuna jambo.

“Nimeshuka,” akasema.

“Umeshuka wapi?”

“Chini. Ngazi zote. Peke yangu, na hii fimbo.”

Nilipiga kelele. Niliruka, mtu mzima mimi, nikamshika mashavu nikambusu. Masika hayajafika nusu na mama kashuka ngazi zote! Nilitaka kumpigia simu binti wa mazoezi, nimpigie kaka nimtambie.

“Chini ulifuata nini?”

“Kwa mwenye nyumba. Nimemwambia mwisho wa mwezi huu tunatoka. Mtu hahami kienyeji, lazima aage mapema. Kaniuliza kama ni kweli, nikamwambia binti yangu ndiye anayeujenga huo mji.”

Nilikaa sakafuni. Mama akadhani ni furaha, akanipapasa kichwa.

Jumanne, Aprili 8

Mwenye nyumba yetu namwita Kobe. Bomba likipasuka leo, yeye anakuja mwezi ujao. Safari hii Kobe amekimbia. Alishampa mtu nyumba jana ileile.

“Baba, mama yangu anaumwa. Hakujua anachosema.”

“Anaumwa nini? Kashuka ghorofa tatu, kaketi hapa kanywa chai, kataja mpaka namba ya mita yangu. Akili zake timamu kunizidi mimi.”

“Nakuomba.”

“Binti, yule mtu ana watoto, ameshafunga mizigo. Nimwambie nini?” Akashusha sauti. “Kwani huo mji haupo?”

Niliondoka.

Alhamisi, Aprili 10

Mama amempa fundi cherehani mapazia yetu mazito. Anasema huko tuendako jua halichomi, kuna miti. Fundi ameyapokea kwa mikono miwili, akanipongeza. Maji yamenifika shingoni na watu wananipongeza.

Jumatatu, Aprili 14

Natafuta nyumba wakati wa chakula cha mchana. Za juu hazina lifti. Za chini zinaingiwa maji. Mama anashuka na kupanda kila siku sasa, anasema anafanya mazoezi ya huko.

Jumatano, Aprili 16

Nyumba mbili. Zote hapana.

Jumamosi, Aprili 19

Mradi umekufa. Wenye fedha wamejitoa, hata yale maegesho hayakuwatosha. Modeli imefunikwa nailoni, ikasukumwa stoo. Vijana wa ofisi waliondoka mapema. Bwana Mstari alibaki anafuta ubao uliokwisha kuwa safi.

“Nilidhani huu ungesimama,” akaniambia. “Mmoja tu kabla sijastaafu.”

Nikamwambia pole. Nilitaka kumwambia kuna mtu mmoja ameshahamia.

Jumapili, Aprili 20

Nimemwambia.

Nilimkuta anafunga vikombe kwa magazeti, kwa mkono mmoja, kikombe amekibana kwa goti. Nikakaa mbele yake. “Mama, hakuna mji. Haujawahi kuwapo. Ni modeli ya mezani, na sasa hata yenyewe imewekwa stoo.”

Aliendelea kufunga. Alimaliza kikombe kile, akakiweka.

“Ulisema masika yakiisha.”

“Nilidanganya ili utembee.”

“Nimetembea.”

“Umetembea, mama.”

“Na nyumba?”

“Tumepata chumba na sebule, nyuma ya gereji. Chini. Hakuna ngazi.” Ilikuwa kweli, nilikipata Ijumaa.

Nilitegemea matusi. Ningeyapokea kwa shukrani. Aliangalia mguu wake kama mtu anayeangalia chombo cha kuazima. “Mtoto wangu amenichezea,” akasema, si kwangu. Halafu akaniambia, “Nataka kukiona hicho kitu. Kilichonitoa nyumbani kwangu, nikione.”

Jumapili, Aprili 27

Bwana Mstari alikuja kutufungulia ofisi mwenyewe. Niliposema ni kwa ajili ya mama hakuuliza zaidi. Alimshika mkono kumvusha kizingiti, akaondoa nailoni, akafuta vumbi kwa leso yake.

Mama alisimama juu ya mji. Aliukagua alivyokuwa akikagua mitaa, kuanzia pembeni. Aliona mto, akatikisa kichwa kukubali. Aliona daraja. Alipofika njia kuu akagusa madoa ya gundi. “Hapa mlikata miti.”

“Ndiyo, mama,” akasema Bwana Mstari. “Tulikata.”

Kisha akainama karibu na watu. Ninawakata mwenyewe kwa kadibodi nyeupe, wadogo kama punje za mchele, nawasimamisha kwenye njia wakiwa katikati ya hatua. Ni wengi. Mama alimtazama mmoja baada ya mwingine.

“Mimi niko wapi?” akauliza.

“Mama…”

“Nioneshe. Mwenye fimbo. Mwenye kukokota mguu. Umenitembeza humu mwezi mzima, nioneshe niko wapi.”

Nilitafuta. Naapa nilitafuta, nilizunguka meza yote, ilhali ni mimi niliyewakata na nilijua. Wote wananyoosha miguu. Wote vijana. Kila jioni namshika mama kiunoni, kila asubuhi nakata watu wasiougua, na sikuwahi kuona.

“Hata wewe,” akasema mama.

Bwana Mstari aliinamisha kichwa. Ndani ya teksi mama aliangalia dirishani hadi tunafika. Ngazi alikataa kupanda, tukambeba mimi na fundi.

Jumatano, Aprili 30

Tumehama mvuani. Kobe, ambaye sikuwahi kumwona akibeba hata ndoo, alibeba kitanda cha mama kichwani hadi kwenye gari, akalowa chapa. “Nisamehe, binti,” akasema. Nikasema si wewe.

Alhamisi, Mei 1

Hakuinuka.

Ijumaa, Mei 2

Hakuinuka. Gereji wanagonga mabati tangu alfajiri.

Jumatatu, Mei 5

Hakuinuka. Nilijaribu: hapa dirishani pawe sokoni, mama. Akageukia ukutani.

Alhamisi, Mei 8

Binti wa mazoezi amekuja. Ameukunja mguu, haukukunjika wote. Hakunivuta jikoni, hapa jikoni ni palepale, akasema mbele ya mama. “Unakaza. Ni wiki hizi hizi, mama. Sitakudanganya.”

“Wewe angalau,” akajibu mama.

Nilimpigia kaka. Nikamwambia alikuwa sahihi. Nilidhani atanipiga dongo. Nikasikia analia, yule mwanamume mwenye ushauri. Akasema, “Nilikuwa nasema tu, dada, hata mimi sikujua la kufanya.”

Nimeishiwa. Siombi mji. Siombi miti wala mto. Naomba ahadi moja isiyo ya uongo ya kumpa mama ashushe mguu kitandani, na sina. Nimeitafuta kila mahali.

Jumamosi, Mei 10

Hakuinuka. Mvua inapungua.

Jumapili, Mei 11

Asubuhi nilikuwa naosha vyombo. Nikasikia fimbo.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, gauni la kulalia, viatu vya kazi, kimoja hakijafungwa. Mguu wa kulia ulikuwa unatetemeka. Anatazama nje. Mbele ya mlango wetu ni magari mabovu ya gereji, matope, na baada ya hapo barabara. Njia ya miguu hakuna.

“Mama, unataka nini? Nikuletee.”

“Ondoka mbele yangu.”

Akatoka. Akapita katikati ya magari mabovu akishika boneti moja baada ya nyingine. Mimi nyuma, mikono imetangulia, povu la sabuni hadi viwikoni. Alipofika ukingoni mwa lami nikasema, “Basi, mama, umefika, turudi.” Akaweka fimbo kwenye lami.

Akaingia barabarani.

Sikumvuta. Sijui kama nilifanya vema, hata sasa ninavyoandika sijui. Ningemvuta, asingeinuka tena. Nilikimbia upande magari yanakotoka, nikanyoosha mikono yote miwili. Lori likafunga breki. Nyuma yake wakaanza honi, mmoja akatoa kichwa akatutukania ukoo mzima. Mama anakokota. Fimbo, mguu mzima, mguu mbovu. Fimbo, mguu mzima, mguu mbovu. Kiatu kisichofungwa kikamvuka katikati ya barabara, hakukiangalia.

“Mama, kiatu.”

“Kiache.”

Tulivuka. Ng’ambo kuna ukuta mrefu wa ghala, mtaro na magugu. Hakuna duka, hakuna mlango, hakuna chochote cha mtu kuvukia. Mama aliegemea ukuta, midomo imekauka, kifua kinapanda na kushuka. Magari yakaanza tena kwenda kasi kati yetu na nyumbani.

“Huku hakuna kitu, mama.”

“Naona. Macho sijaugua.” Akameza mate. “Mji wenyewe ni huu. Usinipe mwingine.”

Mguu ukaanza kumlegea, nikauona unakwenda. Kurudi hakuweza, kusimama hakuweza tena. Nikatazama huku na huku nitafute jiwe, gogo, ndoo, chochote cha kumkalisha. Matope matupu.

Nikapiga magoti matopeni, nikainama, nikaweka mikono chini. “Kaa,” nikamwambia.

Alisita kidogo tu. Kisha nikausikia uzito wake ukishuka mgongoni mwangu, taratibu, mpaka wote ukafika. Mama ni mzito. Akapumua. Lori jingine likapita na kutumwagia maji, akayafuta usoni mwake, akainama akanifuta na mimi.

“Ukichoka useme,” akasema.

Sikusema.